Kaske ya Konje

Mume wangu alipopewa konje yake ya kwanza, alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe, nikamwona tangu mbali, nikajua kuna jambo, maana mtu yule siku zote alipita pembeni, akikwepa matope kwa ajili ya viatu vyake. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya wazungu. Yeye alikuwa karani hapa Bukavu, na konje, yaani likizo, kwetu sisi ilikuwa kitu cha kusikia kwa wengine.

"Tutaenda kupumzika ku mulima," akaniambia.

Nikamwuliza mlima gani tena. Bukavu ni nini kama si mlima? Tulikaa Kadutu, na kutoka mlangoni kwetu mpaka bombani ilikuwa kushuka, na kurudi na ndoo kichwani ilikuwa kupanda, kila siku ya Mungu. Baridi nayo tulikuwa nayo ya kutosha. Lakini yeye aliwasikia wakubwa wake wakisema kwamba wakati wa konje mtu mwenye akili anaenda mlimani kuvuta hewa. Basi na yeye alitaka hewa.

Akaenda kununua vitu. Akanunua kiti cha kukunja, cha turubai. Akanunua kaptula ya kaki na soksi ndefu za kufika magotini. Halafu akanunua kaske. Watoto wa leo hawaijui: ni kofia ngumu, nyeupe, yenye ukingo mpana, ambayo wazungu waliivaa kwa ajili ya jua, na baada yao wakaivaa makapita, yaani wanyapara, na kila mtu mweusi aliyetumwa vijijini kuamrisha wenzake. Alipoivaa ndani ya nyumba nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Papa," nikamwambia, "ongeza tu filimbi. Batu watakimbia."

Hakucheka. Alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake, lakini ukigusa nguo zake alinuna siku mbili. Akasema mimi sijui maendeleo. Nikamwambia maendeleo hayavai soksi za goti katika matope ya Kivu, na hapo tukalala bila kusemezana.

Tulikwenda Burhinyi, kwa mjomba wake, kule juu kwenye barabara ya Mwenga. Konje haikuuliza majira. Alipewa wakati wa mvua, basi ikawa mvua. Kila asubuhi alitoa kiti chake nje, akakaa na kaske kichwani akitazama ukungu. Mjomba alinivuta pembeni akaniuliza kama mtoto wake, yaani mume wangu, anaumwa. Nikamwambia hapana, anapumzika. Mzee akatazama tena, akasema kama ni hivyo basi apumzike karibu na moto, si pale kwenye umande. Nilipenda watu wale. Tulikula bugali na maharagwe, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mimi kweli nilipumzika, ingawa sikumwambia yeye kwa sababu angejisifu.

Siku ya kurudi tulisimamisha kamio, lori la mizigo, iliyokuwa inapanda kutoka msituni, imejaa muhogo na ndizi, na abiria juu ya mizigo. Tukapanda na kiti chetu. Karibu na mimi alikaa mama mmoja mkubwa, mfanyabiashara wa unga, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alinipokea kwa kuniambia nisikanyage gunia lake. Na nyuma yake, kwenye kona, alikaa msichana mwenye mtoto.

Nasema msichana kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mimi, na mimi wakati ule sikuwa mtu mzima. Alikuwa Mrega, mke wa mchimba dhahabu kwenye kambi moja ya upande wa Mwenga. Mtoto alikuwa wa kiume, wa umri ule wa kushika ukuta na kujaribu hatua. Alikuwa amefunikwa blanketi, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, na pale chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta pumzi. Mtu hahitaji kusoma ili aelewe kitu kama kile. Mama wa unga alikwisha kuelewa. Alikuwa amempa msichana nafasi nzuri kuliko magunia yake mwenyewe.

"Muganga mukubwa ya ku kambi iko mu konje," msichana akaniambia, nilipomwuliza. "Infirmier, ule musaidizi wake, akasema nikimbize mutoto Bukavu, ku lopitali kubwa. Akasema iko shindano kule, ya kifua. Akasema nikifika leo atapona."

Alisema "nikifika leo" mara nyingi. Alikuwa ameishika siku ile kwa mikono yote miwili. Mume wangu akasikia neno konje, akaangalia pembeni. Halafu akavua koti lake akampa amfunike mtoto, na koti lile halikuwa kitu cha kupewa mtu ovyo, mimi mwenyewe sikuwahi kulivaa.

Tulikuwa tumekwenda mwendo mzuri, na dereva alituambia tutaingia Bukavu jua likiwa bado juu. Kisha tukazunguka kona moja na barabara haikuwepo. Mlima ulikuwa umeshuka. Udongo mwekundu, mawe, migomba yenye mizizi juu, vyote vimelala pale, na maji yanapita katikati. Dereva alishuka, akatazama, akarudi akajiegemeza kwenye kamio yake.

"Hapa tunalala," akasema.

Msichana akauliza kama anaweza kuvuka kwa miguu. Dereva akachukua mti mrefu, akauchomeka kwenye tope mbele yetu, ukazama wote. Juu kulikuwa na mlima uliokuwa bado unadondosha mawe, chini kulikuwa na korongo. Nyuma yetu hapakuwa na daktari. Msichana akaisikiliza pumzi ya mtoto, na sisi sote tukawa tunaisikiliza.

Sasa nitawaambia kitu kimoja kuhusu watu wale wa kwenye kamio. Hakuna aliyesema hilo si shauri langu. Dereva alikuwa na beleshi moja, mpini umevunjika, akaanza nalo. Wanaume wakavua mashati. Mama wa unga akafungua magunia yake akatoa masufuria mawili mapya aliyokuwa anapeleka kuuza, akatugawia, akasema yakiharibika yaharibike. Mtu mmoja aliwasha moto chini ya turubai, akachemsha maji ili mtoto anusurike na baridi. Tukachota tope kwa masufuria, kwa sahani, kwa mikono. Na tope likarudi. Ukitoa kidogo, mlima unakupa kingine. Baada ya muda mrefu nilitazama tulipofika nikaona tumefika pale pale.

"Tunapashwa kupata majembe," akasema dereva. "Na batu wa hapa, benye kujua njia ya juu."

Juu ya kilima kulikuwa na kijiji. Tuliona moshi ukipita katikati ya migomba. Na hapa mume wangu akafanya jambo ambalo lilinifurahisha sana, na furaha ile bado inaniuma. Alichukua kile kiti chake cha konje, kiti ambacho hakuruhusu mtu akiguse, akakifunga kwa kamba kati ya miti miwili mirefu. Akatengeneza kipoyi, machela ya kubebea mtu.

"Batu wa kule watatupitisha juu," akamwambia msichana. "Utakaa hapa na mutoto, tutakubeba wanaume ine, tutazunguka mpaka ku mission. Kule iko masista benye dawa. Mimi ni Mushi, hawa ni ndugu zangu. Nitasema nao."

Msichana akakitazama kiti, akamtazama na yeye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakunja uso kama mtu anayetaka kulia kwa kushukuru. Mvua ilikuwa inaanza tena. Mume wangu akaifuta kaske yake kwa leso, akaivaa, akaanza kupanda. Nilimwona akienda na kofia yake nyeupe inang'aa kwenye majani, na nikajivunia mume.

Sisi wanawake tulikubaliana kumpokea msichana yule mtoto wake. Alikuwa hajalala, lakini hakutaka kukaa, alitaka kuchimba. Basi mtoto tukambeba kwa zamu mgongoni, apate joto la mtu, maana alipolazwa alishindwa kupumua. Alianza mama wa unga, halafu wengine, halafu mimi. Sikuwa na mtoto bado. Nilikuwa katika ndoa miaka ya kutosha watu kuanza kuuliza, na kwa hiyo nilimfunga vizuri kupita kiasi, nikawa natembea naye huku na huku kwenye kamio. Alikuwa moto. Pumzi yake ilikuwa inanipiga kati ya mabega, fupi fupi, na mkono wake mmoja ulishika ushanga wangu wa shingoni kwa nyuma, akaung'ang'ania.

Mume wangu akarudi. Alikuwa peke yake.

"Hakuna mutu," akasema.

"Namna gani hakuna mutu, na moshi tunauona?" dereva akamwuliza.

Akasema nyumba zote zilikuwa wazi. Moto unawaka, bugali iko chunguni, inafuka. Kuku wanatembea. Watu hamna. Alimkuta bibi mmoja tu, ambaye miguu yake haikuweza kukimbia, amekaa mlangoni. Alipomkaribia, yule bibi akanyoosha kidole kuelekea mashambani.

"Akaniambia, mitaro tulishachimba. Nikamwambia, koko, bibi yangu, mimi siulizi mitaro, kuna mutoto anakufa. Akaniambia tena, angalia, mitaro iko pale, tulishachimba yote."

Alikuwa anatuambia hivyo akiwa ameshangaa kabisa. Alisema alisimama katikati ya kijiji, akapiga kelele kwa Mashi, lugha ya watu wale, kuelekea migombani: tokeni, njooni barabarani, leteni majembe, kuna mtoto.

Mama wa unga akaacha sufuria.

"Ulisema barabara?"

"Nilisema."

"Na ukasema majembe?"

"Sasa ningesema nini?"

Mama wa unga alimtazama kuanzia soksi mpaka kaske. "Papa," akamwambia, bila ukali hata kidogo, "vua ile kitu."

Hapo ndipo sisi wengine tulipoelewa. Watu wa milima ile walikuwa wanalazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo mashambani mwao, na pamoja na mitaro kulikuwa na barabara, kila kijiji na kipande chake. Mlima ukianguka, wao ndio wanaofukua. Aliyekosa alifungwa, alipigwa fimbo, mbuzi wake alikwenda. Na aliyekuja kuwakamata mara nyingi hakuwa mzungu. Alikuwa mtu kama sisi, mwenye kaki, soksi ndefu na kaske nyeupe, anayesimama katikati ya kijiji na kupiga kelele kwa Mashi kwamba watu waje barabarani na majembe. Mume wangu alizaliwa Burhinyi, alijua yote hayo. Lakini alikuwa karani wa mjini, na kaske yake aliinunua kwa ajili ya hewa. Haikumpitia kichwani kwamba ilikuwa kaske ileile.

Aliivua akaiweka juu ya jiwe kando ya barabara. Akapanda tena kilima bila kofia, mvua ikimnyeshea, na mama wa unga nyuma yake akihema. Niliwasikia wakiita. Mama wa unga aliita kwa sauti yake ile ya sokoni, akisema kweli kuna mtoto, kweli, kwa jina la Mungu. Migomba haikujibu. Watu walikwisha kujificha, na mtu aliyekwisha kupigwa fimbo hasimami kusikiliza kama sauti imebadilika. Wawili wale wakarudi polepole.

Mimi nilikuwa natembea tu. Namwimbia mtoto, wimbo wa mama yangu, wa kipuuzi. Na nikiwa naimba nikasikia ule mkono umeachia ushanga.

Nilidhani amelala. Niliendelea hatua kadhaa nikidhani hivyo, au nikitaka kudhani. Kisha nikatambua kwamba mgongo wangu pale kati ya mabega umepoa. Nilisimama. Msichana alikuwa mbele yangu, ndani ya tope mpaka mapajani, amenipa mgongo, anachota kwa sufuria na kumwaga pembeni, anachota na kumwaga. Alikuwa anachimba kwa nguvu kuliko wanaume. Mimi nilijua na yeye hajui, na bado anachimba. Nimezika watu wengi tangu siku ile, nimemzika hata mume wangu, lakini sijawahi kusimama mahali pabaya kama pale.

Nilimtazama mama wa unga aliyekuwa anashuka kilima, naye akaniona uso. Akaja, akagusa mguu wa mtoto, akamfungua mgongoni mwangu taratibu. Msichana aligeuka kuomba nafasi ya kupita na sufuria. Akatuona wanawake wawili tumesimama na mtoto. Akaliweka sufuria chini, akaliweka vizuri, halafu akapiga ukelele.

Tukalia naye. Kwetu mtu haachwi alie peke yake. Wanawake wote wa kamio, na mimi, na wanaume wakafunika macho, na kilio kikapanda kile kilima.

Na migomba ikafunguka. Walitoka kulia na kushoto, walitoka korongoni chini yetu, walitoka mahali ambapo mume wangu alipita karibu kabisa. Wanawake wakaja wameweka mikono kichwani, wanalia tayari, kabla hawajajua anayeliliwa ni nani. Wanaume wakaja na majembe. Hakuna aliyewaita. Waliposikia msiba walijua watu hawa ni watu, kwa sababu kapita haji kulia, na penye msiba panahitajika kuchimba. Majembe yalikuwa mengi. Niliyatazama yale majembe nikataka kuwapiga nayo, wao na mlima wao, na Mungu anisamehe.

Mzee mmoja, ambaye wengine walimwachia kusema, alimfunua mtoto uso, akamtazama muda mrefu.

"Kwa nini hamukusema iko mutoto?" akatuuliza.

"Nilisema, Papa," mume wangu akajibu. "Nilisema kwa Mashi."

"Benye kuja kutukamata," akasema yule mzee, "wote banasema Mashi."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anamweleza tu.

Msichana alitaka kumrudisha mwanawe kwao, azikwe na watu wake. Lakini hakukuwa na gari la kushuka siku ile, na dereva alimwambia kwa upole kwamba maiti hangefika. Mzee akatoa mahali kwenye migomba yake, karibu na watoto wake mwenyewe aliowazika. Miguu ya msichana ilikataa kupanda. Basi mume wangu na wanaume wengine watatu wakamweka kwenye kile kipoyi, na mtoto mapajani, wakampandisha kilima kwa njia ile ile ambayo tulitamani waionyeshe asubuhi. Ni njia fupi tu. Kutoka juu pale tuliona vizuri mahali inapoendelea, inazunguka maporomoko, inashuka upande wa pili kuelekea mission. Hakuna aliyeinyooshea kidole.

Tulipomaliza kuzika, mzee akawaambia watu wake neno, wakateremka wote barabarani. Wakafukua. Wanajua kazi ile, wamefundishwa kwa fimbo. Mstari wa juu unakata, wa katikati unavuta, wa chini unamwaga korongoni, na magogo yanawekwa kuzuia. Sisi tulisimama na masufuria yetu tukiwatazama. Njia ilipatikana jua likiwa bado lipo, saa ambayo dereva alituahidi tungekuwa tunaingia Bukavu.

Msichana hakupanda kamio. Bukavu angefanya nini? Alisema atasubiri gari la kushuka. Mke wa yule mzee akasema msichana atalala kwake. Mume wangu akafungua zile kamba, akasimamisha kiti chake cha turubai pembeni ya barabara, msichana akakaa. Nilitaka kumwambia kitu. Nilivua ule ushanga shingoni nikampa, akauangalia bila kuelewa, nikamwonyesha kwa mkono wangu jinsi mtoto alivyokuwa ameushika. Akaufunga katika ngumi yake.

Tuliondoka. Kamio ilipita taratibu kwenye tope, ikatetemeka, ikashika barabara nzuri. Ndipo tukasikia mtu anaita nyuma. Alikuwa yule mzee, anakimbia, mzee mzima, miguu mitupu, na mikononi amebeba kaske ya mume wangu. Ilikuwa imebaki pale. Sijui kama aliisahau au aliiacha, sikumwuliza kamwe. Dereva akapunguza mwendo, na mzee akafika chini yetu anahema, akainyoosha juu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Bwana, chukua," akasema. "Usiende kusema tuliiiba."

Kwenye kaburi mzee alimwita mume wangu "mtoto wangu". Sasa alimwita "bwana". Mume wangu hakunyoosha mkono. Mzee akaendelea kukimbia kando ya kamio, kaske juu, na macho yake yalikuwa macho ya mtu anayeogopa kweli, mpaka mimi nikainama nikaipokea ili asimame.